Tanga kwa Mwendo wa Baiskeli

Segera ndiko mabasi yanakoachana. Yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hushika njia ya Korogwe, yakiwapeleka abiria kwenye mlima na mbuga ambazo kila mtalii amekwisha kuzisikia. Machache hukata kulia kuelekea baharini. Kutoka hapo hadi Tanga ni kama kilomita 70 tu, lakini kipande hicho kimetosha kuufanya mji wenye mapango, magofu, visiwa na makaburi ya vita usikike zaidi kwenye matokeo ya mpira na habari za bandari. Wengi wanaoupita ni Watanzania wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sijui mji mwingine wa pwani yetu ambao mgeni anaweza kuona mambo makubwa hivyo kwa nauli ndogo hivyo.

Nilikata kulia msimu wa machungwa, wakati Muheza nzima inapogeuka soko. Basi halijasimama sawasawa, madirisha yote yamekwisha kujaa mikono: machungwa ndani ya neti, machungwa kwenye beseni, machungwa yaliyomenywa ganda la juu yakabaki meupe, tayari kukatwa kichwa na kunyonywa. Mama mmoja aliyeketi nami alinunua neti mbili, akalipasua chungwa moja kwa kidole gumba na kunipa nusu bila kuuliza kama nataka. "Kula, mwanangu, hili ni la nyumbani, si la jokofuni." Lilikuwa na ganda la kijani na utamu ambao machungwa ya njano ya madukani hayaujui.

Kingine kinachoonekana njia nzima ni mkonge. Mistari yake imenyooka hadi macho yanachoka, na hapa na pale mlingoti wa maua umechomoza juu kuliko nyumba, ishara kwamba mmea huo umemaliza umri wake na unakaribia kufa. Mkonge si wa asili ya hapa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu na mingi ikafa. Iliyosalimika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ndipo likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani, na mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Lakini mkonge uliacha kitu kingine ambacho hakikufa: watu. Mashamba yaliwavuta vibarua walioitwa manamba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, na wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana mgeni akikaa kibarazani Tanga atasikia Kiswahili kimoja kitamu kikitoka vinywani mwa Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wamakonde, Waha, Waarabu na Wahindi.

Baada ya Pongwe, penye mwamba wa chokaa unaosagwa kuwa saruji, basi huteremka hadi stendi ya Kange. Hapo madereva wa bajaji huuliza kwa lahaja ya kwao: "Waenda wapi, kaka?" Bajaji ni nzuri kwa mwenye mizigo. Kwa asiye nayo, Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za katikati ya mji ni pana na zina miti, na kila mtu anaendesha: wazee wenye kanzu, wanafunzi, akina mama waliofunga ndoo ya samaki nyuma, wauza mikate asubuhi na mapema. Fundi wa baiskeli pale Ngamiani alinikodisha yake kwa siku nzima, akakaza kiti, akapiga kengele mara mbili kuhakikisha, na akanipa onyo moja tu: nisiiache juani, mpira utapasuka.

Ukiwa juu ya baiskeli, mji wa zamani hukaa ndani ya asubuhi moja. Kwenye ukingo wa bahari kuna Bustani ya Jamhuri, ambako upepo wa ghuba hauishi na ambako jioni familia nzima huja kula aiskrimu. Karibu yake ni boma la Mjerumani, jengo nene la kuta nyeupe ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga. Makumbusho yenyewe ni madogo, na mtu mwenye haraka atayamaliza upesi. Asiwe na haraka. Picha zilizotundikwa humo zinaonyesha gati, reli na mitaa ya Tanga zaidi ya miaka 100 iliyopita, na raha yake kubwa ni kutoka nje na kuyatafuta majengo yaleyale, kwa sababu mengi yangali yamesimama. Hospitali ya Bombo bado ina jengo la Kijerumani lililokaa juu ya jabali likitazama bahari. Shule ya Tanga, miongoni mwa shule za kwanza kabisa za serikali katika nchi hii, ndiyo iliyokuwa na mtambo wa kuchapa gazeti la Kiswahili la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Anayeyasoma magazeti na majarida ya lugha hii leo anadaiwa salamu na mji huu.

Reli nayo ilianzia hapa, mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika Tanganyika, na ikafika Moshi mwaka 1911. Waliojenga walitaka kubeba mkonge, kahawa na mbao. Hawakujua kwamba miaka mitatu tu baadaye reli hiyohiyo ingeamua vita.

Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilitia nanga nje ya ghuba zikiwa na askari takribani 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Mji ulikuwa karibu hauna askari. Waingereza, hata hivyo, walianza kwa kudai mji usalimu amri, wakapoteza muda, na wakati huo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akiwashusha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, behewa baada ya behewa. Alipokuwa tayari alikuwa na watu takribani 1,000. Jeshi la Waingereza liliteremka ufukweni Raskazone, likapenya mashamba na vichaka kuelekea mjini, na tarehe 4 vita ikapamba moto mpaka ndani ya mitaa. Katikati ya mashamba hayo kulikuwa na mizinga ya nyuki imetundikwa mitini. Risasi zikaitoboa. Nyuki walitoka kwa hasira na kuwashambulia askari wa pande zote mbili, na huko Ulaya ikaenezwa habari kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Tarehe 5 Waingereza walipanda tena meli zao wakiacha nyuma bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, silaha ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia kuendeleza vita kwa miaka minne iliyofuata.

Leo mtu anaweza kuifuata njia hiyo yote kwa baiskeli, kuanzia Raskazone yenye nyumba kubwa na miembe hadi kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri. Humo ndimo yalimoishia mambo ya Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyewahi kupigana na Mtwa Mkwawa kule Iringa. Aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba. Nilisimama kwa muda mbele ya majina. Wengi wa askari Waafrika na wa wapagazi waliobeba risasi na unga kwa maelfu ya maili hawana mawe yao namna hii. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina. Mgeni anayezuru hapa ni vyema awe nalo hilo moyoni.

Raskazone yenyewe ni mahali pa starehe. Kuna klabu za kuogelea ambako mtu hulipa kiingilio kidogo, hushuka ngazi za mawe na kujitosa moja kwa moja kwenye maji ya kina, hasa maji yanapojaa. Watoto wa mjini hujirusha kutoka juu wakipiga kelele, na wageni hula chipsi na samaki chini ya miti. Ng'ambo ya ghuba inaonekana Chongoleani, ambako pamechaguliwa liishie bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Jioni ni ya Ngamiani. Mitaa yake imepewa namba badala ya majina, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hadi kupita ishirini, na mgeni hawezi kupotea labda atake. Jua likishuka, majiko ya mkaa huwashwa. Pweza hukatwa vipande vidogo na kuchovywa kwenye pilipili na ndimu; muhogo huchomwa au hupikwa kwa nazi; vitumbua hugeuzwa kwa njiti kwenye chuma cheusi; mikate ya ufuta hubandikwa, huchomwa na kuliwa ingali moto. Nilikula vyote hivyo mtaa mmoja na sikujuta. Mwenye kutaka kinywaji baridi atapata maziwa mgando ya Tanga Fresh, kiwanda kilichoanzishwa miaka ya 1990 na ambacho wafugaji wadogo wa mkoa huu ndio wanaokilisha. Mwenye kutaka moto atapata kahawa chungu na kashata, kikombe kidogo kimoja baada ya kingine, huku wazee wakisukuma kete za bao.

Kwenye kahawa ndipo mtu hujua kwamba Tanga imegawanyika mara mbili. Upande mmoja ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, waliotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Upande wa pili ni African Sports, Wana Kimanumanu, klabu kongwe zaidi. Uwanja wao ni uleule, Mkwakwani, katikati ya makazi ya watu, na siku ya mechi kelele husikika mpaka sokoni. Kiingilio chake ni kidogo, na sijui burudani nyingine ya mjini inayomweka mgeni karibu na wenyeji upesi kiasi hicho. Wazee walinisimulia pia zama ambazo mji huu uliitikisa nchi kwa muziki: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Sauti ya Shakila Said, iliyokuja kusikika Afrika Mashariki nzima, ilikomaa kwenye vikundi hivyo vya Tanga.

Kwenye mapango ya Amboni nilikwenda asubuhi, na nashauri kila mtu afanye hivyo kabla joto halijapanda. Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, pembeni mwa barabara ya kwenda Horohoro na Mombasa, na baiskeli inafika ingawa kipande cha mwisho kina vumbi na mashimo. Njia inaingia kijiji cha Kiomoni, kisha miti inafunga na Mto Mkulumuzi unasikika kabla haujaonekana. Jabali linasimama wima juu ya mto, limejaa matundu.

Mwamba huu ni wa chokaa, jamaa ya ule unaosagwa kule Pongwe. Ulijengeka chini ya bahari takribani miaka milioni 150 iliyopita, bahari ikarudi nyuma, na maji ya mvua yakaanza kazi. Maji hayo yakipita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni dioksidi na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo huyeyusha chokaa tone kwa tone. Mahali maji yanapodondoka, chokaa kidogo hubaki juu na kidogo hubaki chini. Baada ya maelfu ya miaka juu pananing'inia nguzo, chini pamesimama nguzo, na mahali pengine zimekutana.

Mapango ni kumi, lakini wageni huingizwa kwenye moja. Mwongoza wageni, kijana mwenye tochi mbili na viatu vya raba vilivyochakaa, alisimama mlangoni akatuambia tuzoeshe macho kwanza. Chumba cha kwanza ni kikubwa, dari iko juu sana na mwanga unaingia kupitia tundu lililofunikwa na mizizi. Baada ya hapo giza ni la kweli. "Inama, kaka. Inama tena. Humu pango ndilo linaloamrisha." Palikuwa na mahali pa kupita kwa magoti, na mahali pengine pa kupita ubavu. Jasho linatoka ingawa mawe ni ya baridi, na harufu ya popo inazidi kadiri mtu anavyoingia ndani.

Kisha anaanza kuonyesha. Tochi ikielekezwa ukutani kwa pembe fulani, jiwe linakuwa mamba. Jingine ni sofa, na kweli mtu anaweza kulikalia. Kuna Mlima Kilimanjaro wenye kilele cheupe, kuna ramani ya Afrika, kuna umbo ambalo Wakristo huliona kuwa Bikira Maria na mahali ambapo Waislamu husoma jina la Mwenyezi Mungu. Kundi letu lilikuwa na watu wa dini zote mbili, na kila mmoja alitoa simu yake kupiga picha zote mbili. Nilipenda sana dakika zile.

Mahali pengine tuliombwa tushushe sauti. Ni mzimuni. Chini ya jabali kulikuwa na chupa za marashi, sarafu, vitambaa na majivu ya ubani, vilivyoachwa na watu waliokuja kuomba mtoto, afya au riziki. Mwongozaji hakucheka wala hakutushawishi. Alisema tu kwamba wanakuja kutoka mbali, hata Kenya, na kwamba hatukuruhusiwa kugusa chochote. Heshima hiyo aliyoionyesha kwa imani za watu ilikuwa sehemu ya ziara, na inapaswa kufundishwa kwa waongozaji wote.

Na zipo hadithi. Wenyeji walisema kwa muda mrefu kwamba pango moja linatokea Mombasa na jingine Kilimanjaro, na kwamba wazungu waliopotea humo na mbwa wao hawakuonekana tena, ila mbwa alitokea upande wa mlimani. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima mapango yote na kukuta refu kuliko yote lina mita 900. Hadithi iliyo karibu zaidi na kumbukumbu za watu ni ya Osale Otango, mtu aliyewasumbua polisi wa mkoloni miaka ya 1950 pamoja na mwenzake Paulo. Inasimuliwa kwamba alijificha humu, akawaibia matajiri na kuwagawia maskini. Kitanda chake cha jiwe huonyeshwa hadi leo. Kwa polisi wa wakati ule alikuwa jambazi. Kwenye baraza za Tanga jina lake hutajwa kwa sauti nyingine kabisa.

Anayeweza kubaki hadi magharibi abaki. Popo hutoka kwa pamoja, mkondo mweusi usiokatika juu ya mto, na watoto wa kijiji wanaouona kila siku bado husimama kuutazama.

Upande huohuo wa mji kuna maji moto ya Galanos, yaliyopewa jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge ambaye pia jina lake liko kwenye shule ya sekondari. Maji yananuka kiberiti na watu huyaogea kwa ajili ya ngozi na viungo. Mazingira yake yanahitaji kufanyiwa kazi, na asiyependa harufu anaweza kuyapita.

Mwenye siku ya ziada arudi Muheza na kupanda milima. Magoroto, lililokuwa shamba la michikichi, sasa ni msitu wenye ziwa dogo katikati, ambako vijana kutoka Dar es Salaam huja kulala kwenye mahema na kupiga makasia. Mbele zaidi, kwa barabara ya kona nyingi, ni Amani. Wajerumani walianzisha hapo kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pande zote za dunia; mingi ingali hai, mirefu kupita kiasi, na tangu 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwenye majabali yenye unyevu hukua ua dogo la zambarau ambalo mkuu wa wilaya wa Tanga wa wakati ule, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Leo liko kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na watu wanaolimwagilia hawajui kwamba babu yake anaishi kwenye ukungu wa Usambara Mashariki. Huku mashambani kuna hiliki, mdalasini na pilipili manga. Mgeni anunue kwa mkulima mwenyewe.

Bahari ya Tanga inaanzia mbele ya mji kabisa, kwenye kisiwa cha Toten. Kinaonekana kutoka Bustani ya Jamhuri, kijani kitupu, mikoko pembeni na mibuyu ndani. Hakuna hoteli wala duka. Tulivuka kwa mashua baada ya kupatana bei na nahodha, ambaye alisisitiza tuondoke maji yakiwa yanajaa, kwa sababu yakipwa mtu hutembea kwenye matope hadi magotini. Ndani ya vichaka kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya watu walioishi hapo kabla mji haujahamia ng'ambo. Mizizi imeshika kuta. Panahitaji panga, viatu imara na mtu anayepajua.

Toten, Yambe na Karange ni sehemu ya hifadhi ya bahari yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki mmoja. Silikanti alijulikana na wanasayansi kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumtoa majini, mmoja baada ya mwingine, kwenye majarife waliyotega kina kirefu wakitafuta papa. Ana mapezi yenye nyama kama miguu mifupi na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Mgeni hatamwona, kwani anaishi kwenye kina chenye giza. Lakini kwenye soko la samaki la Deep Sea kila mvuvi wa makamo ana habari zake. Mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinieleza walivyomtazama wa kwanza. "Mafuta tele, nyama haina ladha, macho yang'aa kijani. Tukasema huyu si wa kuuza." Alinyoosha mikono yote miwili kunionyesha urefu, ikawa haitoshi.

Barabara ya Pangani inakwenda kusini, na hii ndiyo niliyoiweka mwisho. Baada ya kutoka mjini inapita upande wa Machui, ambako kijiji cha Vibambani kilimzaa Shaaban Robert mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha, kisha akafanya kazi kwenye ofisi za serikali hapohapo Tanga, na vitabu vilivyomfanya awe mwandishi mkuu wa Kiswahili aliviandika akiwa mtumishi wa kawaida mwenye mshahara wa kawaida. Alifariki Tanga mwaka 1962. Sisi tunaoishi kwa lugha aliyoitumikia tungepaswa kuwa tumeshafanya njia ya kwenda kwake iwe lami, na watoto wa shule wawe wanapelekwa kila mwaka.

Tongoni iko mbele kidogo, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka mjini. Daladala inamshusha mgeni barabarani, naye anatembea kwa mguu kuelekea minazi. Mlinzi wa mambo ya kale alitoka chini ya mwembe, akaandika jina langu kwenye daftari, akachukua ada na kunipa stakabadhi. Kisha tukaingia kwenye msikiti usio na paa. Mihrabu bado imesimama, na vidole vikipita juu yake vinahisi matumbawe yaliyochongwa na chokaa iliyolainishwa na mtu miaka mingi kabla ya Mreno wa kwanza kufika.

Makaburi yanazidi 40, na hakuna mahali pengine kwenye pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya kale mengi kiasi hicho pamoja. Karibu nusu yalikuwa na nguzo. Kwenye nguzo hizo mafundi walipachika bakuli za kauri kutoka China, na sasa yamebaki mashimo ya mviringo, bakuli zenyewe zimeng'olewa. Nguzo nyingi zimelala chini vipande vipande. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, na alipokuwa akirudi mwaka 1499, mabaharia wake wakiwa wamekufa wengi, aliichoma moto meli yake ya São Rafael karibu na pwani hii kwa kukosa watu wa kuiendesha. Wakati huo Tongoni, ikiitwa Mtangata, ilikuwa mji wa wafanyabiashara wenye kupakua kauri za China. Watoto wa shule hufundishwa jina la nahodha. Jina la mji hawafundishwi.

Nilimuuliza mlinzi wageni huja wangapi. Akafungua daftari, akanionyesha: mistari michache kwa wiki, wengi kutoka Ulaya. "Wa kwetu waja wakiwa na mwalimu, au hawaji," alisema. Alinitembeza kaburi baada ya kaburi, akinionyesha lipi limeanguka tangu alipoanza kazi na lipi linaegemea sasa. Mbele ya moja alisimama, akaondoa jani la mnazi lililokuwa limedondokea juu, akaliweka pembeni na kuendelea kueleza. Anachohitaji si kikubwa: fundi wa chokaa anayejua kazi ya zamani, fedha za kumlipa, na wageni wa kutosha ili fedha hizo zisionekane zimepotea.

Nilirudi barabarani saa tisa alasiri. Daladala iliyotokea ilikuwa inakwenda kusini, imejaa magunia ya nazi na abiria waliokuwa wakibishana kuhusu mechi ya Coastal. Konda alininyooshea mkono, akaniuliza kama nashuka Kigombe au mwisho wa gari. Nikamlipa nauli ya mwisho wa gari.